Kanuni Bila Sababu ni Kelele: Niliyojifunza Nikiwa Kocha wa Tenisi

Wiki ya pili nikiwa kocha, nilimfukuza mchezaji wangu bora.

Alikuwa msichana wa kidato cha pili, mwembamba, anayetumia mkono wa kushoto. Alikuwa amechelewa dakika ishirini kwa mara ya tatu, na kanuni yangu ilikuwa wazi: ukichelewa mara ya kwanza unazunguka uwanja wa kandanda mara tano, mara ya pili unauzunguka mara kumi, mara ya tatu unarudisha raketi. Hakulia wala hakujitetea. Aliifuta ile raketi vumbi kwa sketi yake, akanikabidhi kwa mikono miwili, akasema, "Sawa, mwalimu," akaenda zake. Nami nikajiona jabali. Jioni hiyo naibu wa mwalimu mkuu alinipongeza kwenye chumba cha walimu. "Hivyo ndivyo," akasema. "Mchelea mwana kulia hulia yeye."

Makomredi, makala haya ni ya wale mnaojiandaa kwenda mazoezi ya kufundisha muhula wa pili. Mtafika shuleni mkidhani mtafundisha Kiswahili na Historia peke yake. Lakini wapi! Utaambiwa, "Wewe bado kijana, chukua timu." Na muhula wa pili ndio wa kandanda, voliboli, netiboli na michezo ya raketi, tenisi ikiwa mojawapo. Hakuna kozi tuliyofanyiwa hapa chuoni ya jinsi ya kusimama mbele ya watoto tisa wenye raketi. Mimi nilijifunza kwa kukosea, na ningependa wewe ukosee kidogo kuliko mimi.

Timu isiyotakwa

Shule yangu ilikuwa ya kutwa, kando ya barabara ya kutoka Kitale kwenda Webuye. Kandanda ilikuwa na kocha wake, voliboli ilikuwa na walimu watatu wanaoigombania. Tenisi ilikuwa imebaki kama chai ya jana. Niliyopokea ni haya: wachezaji tisa, wavulana watano na wasichana wanne, raketi saba, moja nyuzi zimekatika, mipira kumi na mmoja iliyoota upara, na uwanja mmoja wa murramu ambao mistari yake tuliichora kwa chokaa kila Jumatatu. Neti ilikuwa ya voliboli, tukaishusha na kuifunga kwa kamba mpaka katikati ikafika kimo cha sentimita 91, kama sheria ya tenisi inavyotaka.

Mimi mwenyewe nilikuwa nimecheza kidogo tu hapa chuoni, kwenye uwanja ule wa nyuma ya hosteli. Nilijua kuhesabu pointi na kuanzisha mpira, basi. Kwa kuwa ujuzi haukutosha, nikaamua kujazia kwa ukali. Nikabandika kanuni kumi na mbili kwenye mlango wa stoo ya michezo. Nyingi nilikuwa nimezinakili kutoka kwa kocha aliyenifundisha mimi, naye bila shaka alizinakili kutoka kwa wake.

Baada ya kumfukuza yule msichana, watu walianza kufika mapema kweli. Saa kumi na robo juu ya alama, wote wamesimama kwenye mstari. Lakini hawakuongea. Mpira ukipita pembeni hakuna anayeukimbilia. Kila mmoja anangoja aambiwe. Kijana mmoja wa kidato cha kwanza aliniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, leo tutakimbia tena?" Alijua jibu, alitaka tu kujipanga. Siku ya nne walikuja watano. Nilikuwa nimepata utulivu nikadhani ni nidhamu.

Daktari wa Lynchburg

Wikendi hiyo nilikuwa na kitabu nilichoazima maktaba yetu kuu, maisha ya Arthur Ashe, yule Mmarekani mweusi aliyeshinda US Open mwaka 1968 na Wimbledon mwaka 1975. Nilikichukua ili nipate mbinu za kupiga mpira. Nilichopata ni habari za mwalimu wake.

Robert Walter Johnson alikuwa daktari katika mji wa Lynchburg, jimbo la Virginia, enzi zile Weusi na Weupe walitenganishwa kwa sheria hata shuleni. Nyumbani kwake alikuwa na uwanja wa tenisi, na kila kiangazi aliwakaribisha vijana Weusi waishi kwake na kufanya mazoezi. Althea Gibson, aliyeshinda Wimbledon mwaka 1957 na 1958, alipitia mikononi mwake. Ashe alifika hapo mwaka 1953 akiwa na umri wa miaka kumi.

Daktari huyu alikuwa mkali kuniliko. Vijana walipalilia bustani yake ya waridi na kusafisha banda la mbwa. Walifanya mazoezi ya kupiga mpira kwa mti wa ufagio ili jicho lizoee. Kutupa raketi ilikuwa mwiko, kubishana na mwamuzi mwiko. Na kulikuwa na kanuni moja iliyonifanya nikifunge kitabu nitafakari: mpira wa mpinzani ukidondoka nje ya mstari kidogo tu, uhesabu uko ndani, ucheze.

Mbona uibiwe hivyo? Kwa sababu Johnson alijua vijana wake wanaenda kucheza katika mashindano ambayo wenyeji hawakuwataka. Ugomvi mmoja juu ya mstari mmoja, na mlango ungefungwa kwa wote watakaofuata. Kila kanuni ya Lynchburg ilikuwa na sababu, na kila kijana aliijua. Inasimuliwa kwamba Ashe alipofika mara ya kwanza alikataa kubadilisha namna yake ya kupiga, kwa kuwa kocha wake wa kwanza kule Richmond alimfundisha vingine. Baba yake akaitwa. Mzee akaja kwa gari, akamwambia mwanawe kwamba sasa anayemfundisha ni Daktari Johnson, na kama hataki, warudi nyumbani. Mtoto akabaki.

Halafu kuna hesabu ya miaka. Mwaka 1951 Johnson alifaulu kuwaingiza wanafunzi Weusi katika mashindano ya kitaifa ya tenisi ya shule za upili, yaliyofanyika Charlottesville. Walipigwa mapema, wakarudi nyumbani. Hakuacha. Mwaka 1961, miaka kumi baadaye, Ashe akiwa mwanafunzi wa Sumner High School mjini St. Louis, alishinda mashindano hayo ya shule.

Nilikaa na karatasi yangu ya kanuni kumi na mbili nikajaribu kuandika sababu mbele ya kila moja. Tisa zilikosa. Sababu pekee niliyoipata ni, "Kwa sababu nimesema." Hizo tisa zilikuwa kelele tu.

Kwa nini alichelewa

Jumatatu nilimwita nahodha nikamuuliza swali ambalo ningeuliza wiki ya kwanza: yule mwenzenu huwa anatoka wapi? Akanitazama kama mtu anayeulizwa mahali jua linapochomoza. "Mwalimu, si huwa anampeleka mdogo wake nyumbani."

Mdogo wake alikuwa gredi ya nne katika shule iliyo ng'ambo ya barabara. Na ile ni barabara kuu. Malori ya kwenda Kitale na Lodwar hayana breki za huruma. Nyanya yao alikuwa ameapa kwamba yule mtoto hatavuka peke yake. Kwa hiyo kila siku saa kumi dada alikimbia akamchukua, akamvusha, akamfikisha nyumbani, kisha akakimbia kurudi uwanjani. Dakika ishirini. Mimi nilikuwa namwadhibu kwa kukimbia mtu aliyekuwa amefika akiwa tayari amekimbia.

Siku hiyo nilimwomba aje, na nikamwomba msamaha mbele ya wenzake wote. Naibu aliposikia alitikisa kichwa. "Watakupanda kichwani," akasema. Nilikuwa na wasiwasi hata mimi. Mwalimu wa mazoezi, umri wangu na wa kidato cha nne hautofautiani sana, heshima yenyewe ni ya kuazima. Lakini nilijua nikinyamaza, kila kanuni nitakayotoa baadaye itanuka ule uonevu.

Suluhisho lilitoka kwa nahodha, si kwangu: mtoto avushwe, lakini asipelekwe nyumbani. Aje uwanjani. Nyanya alikubali, na kuanzia kesho yake tukawa na mwokota mipira wa gredi ya nne anayefanya kazi kwa bidii kuliko sisi sote.

Kanuni tatu, sababu tatu

Nilibandua ile karatasi. Tukaketi chini ya mkaratusi, tukaandika kanuni tatu pamoja, kila moja na sababu yake.

Ya kwanza: atakayechelewa au kukosa, aarifu mapema, hata kwa kijikaratasi. Sababu: tenisi haichezwi peke yako. Ukikosa wewe, kuna mwenzako aliyebaki bila mtu wa kumrudishia mpira. Tofauti na kandanda, ambapo kumi wanaweza kuficha pengo la mmoja, hapa pengo lako lina jina la mtu.

Ya pili: raketi haitupwi. Sababu: zilikuwa saba, na nyuzi za ile moja tulikuwa tumeshonea uzi wa kuvulia samaki. Raketi moja ikivunjika, mtu mmoja anaketi. Hasira ya mmoja ingelipwa na mwingine.

Ya tatu: mpira wenye shaka ni wa mpinzani. Sababu: mechi nyingi za shule hazina mwamuzi wa kila mstari, kila mchezaji ndiye anayeamua mipira ya upande wake. Hii hata si wema, ni utaratibu wa mchezo: usipouona kwa hakika uko nje, basi uko ndani. Mchezo mzima umesimama juu ya kuaminiana huko. Niliwasimulia pia habari za Lynchburg. Walisikiliza kuliko walivyowahi kunisikiliza darasani.

Na adhabu je? Tulikubaliana kwamba kukimbia hakutakuwa adhabu tena. Tulikimbia, tena sana, kwa sababu mchezaji anahitaji miguu. Ukimwadhibu mtu kwa kitu unachotaka akipende, umemfundisha kukichukia. Ni kama mwalimu anayeadhibu darasa kwa kuwaandikisha insha, kisha analalamika hawapendi kuandika. Aliyevunja kanuni alirekebisha alichoharibu: uliyemnyima mwenzako mazoezi, kesho unabaki naye dakika kumi za ziada.

Bidii inayohesabika

Sasa tuje kwa bidii. Wiki mbili za kwanza nilikuwa nikipiga kelele, "Jitahidini! Jitahidini!" Siku moja nilijiuliza, ajitahidi kufanya nini hasa? Mtoto aliyesimama pembeni akingoja zamu anajitahidije?

Piga hesabu nami. Mazoezi yalikuwa dakika 90. Wakicheza wawili wawili kwenye uwanja mmoja, kila mmoja kati ya tisa anapata dakika 20 za kugusa mpira. Dakika 70 zilizobaki anatazama. Huwezi kumlaumu kwa uvivu wakati ratiba yako ndiyo iliyomketisha.

Tukabadilisha. Wanne uwanjani, jozi mbili, kila jozi nusu yake. Watatu kwenye ukuta wa maabara, ambao haukuwa na madirisha upande ule. Ukuta ni mwalimu mzuri, haukosi na haukasiriki. Wawili wanapumzika huku wakihesabu. Zamu zikizunguka, kila mmoja anapata dakika 70 badala ya 20. Hatukununua kitu chochote.

Walikuwa wanahesabu nini? Mipira inayovuka neti mfululizo bila kukatika. Kila mmoja alikuwa na ukurasa wake katika daftari la timu, na alishindana na ukurasa wake mwenyewe, si wa jirani. Siku ya kwanza jozi bora ilifika tisa. Mvulana mmoja mrefu, mwenye nguvu, ambaye wote walimwogopa, alikwama kwenye sita kwa wiki nzima, maana kila mpira alitaka kuua. Wakati huohuo yule wa kidato cha kwanza aliyeniuliza kuhusu kukimbia alifika ishirini na nane ukutani. Alinionyesha daftari bila kusema neno. Tangu siku hiyo hakuniuliza tena mazoezi yataisha saa ngapi.

Nilibadilisha na maneno yangu. Badala ya "vizuri sana" na "hovyo," nikawa nasema jambo moja linaloweza kufanywa: "Geuza bega mapema." "Rudi katikati." "Urushe mpira juu zaidi kabla ya kuanzisha." Sifa nilizibakiza kwa kilichoonekana: jana kumi na mbili, leo kumi na tano. Mtoto hakudai niseme ana kipaji. Alitaka kujua kama jana na leo ni tofauti.

Siku ya kaunti

Kwenye kaunti ndogo tulishinda, na ngazi ya kaunti msichana wetu wa mkono wa kushoto alifika nusu fainali. Mwenyeji alikuwa na uwanja wa saruji, mpira unateleza na hauachi alama. Mvua ilikuwa imechelewesha ratiba, ikaamuliwa seti moja tu.

Akawa mbele 5–4. Katika gemu ile ya kumi akafika 40–30. Pointi moja na tunaingia fainali. Mpinzani akapiga mpira mrefu, ukampita, ukadondoka karibu na mstari wa nyuma. Upande wetu mzima ulipiga kelele, "Nje! Nje!" Hata mimi, nakiri, mdomo wangu ulikuwa umefunguka.

Aligeuka akatazama pale chini. Hakuna alama. Akatutazama sisi. Kisha akainua mkono akasema, "Ndani."

Ikawa 40–40. Akapoteza gemu hiyo, halafu mbili zilizofuata. 7–5, tukatoka.

Sitawadanganya kwamba nilifurahi. Mzazi mmoja aliyekuwa amekuja kutushangilia aliniuliza mbele ya watoto, "Sasa hiyo nidhamu yenu imewasaidia nini?" Sikuwa na jibu la kumpa. Yule mvulana mrefu alikaa kiti cha nyuma kabisa kwenye matatu, amenuna, na sikumlaumu. Karibu na Kamukuywa msichana aliniuliza, "Mwalimu, wewe uliuona?" Nikamwambia ukweli: sikuuona vizuri. "Hata mimi," akasema. Mdogo wake, aliyekuwa amelala begani kwake, akafumbua macho akatangaza kwamba mpira mrefu kuliko yote siku hiyo ulivuka neti mara thelathini na moja. Alikuwa amehesabu. Basi zima likacheka, isipokuwa yule mrefu.

Nimelirudia swali la mzazi mara nyingi. Johnson aliwafundisha vijana wake kupoteza pointi ili mlango ubaki wazi. Sisi hatukuwa na mlango mkubwa kama huo. Ilikuwa mechi ya shule, mjini, Ijumaa yenye matope. Lakini ningemfundisha nini siku ile kama ningefurahia aseme "nje"? Ningemwambia kwamba kanuni tuliyoandika chini ya mkaratusi ilikuwa ya mazoezi tu, na sababu yake inaisha pale tunapotaka kushinda. Wiki saba za kazi zingekuwa zimefutwa kwa neno moja.

Kwa wewe unayefuata

Ukipewa timu, anza hivi. Kabla ya kuandika kanuni, uliza kila mchezaji anatoka wapi na anarudi nyumbani vipi. Jibu litakuondolea nusu ya makosa. Andika kanuni chache, na usiweke hata moja usiyoweza kuitaja sababu yake mbele ya mchezaji mdogo kuliko wote. Piga hesabu ya dakika: kila mmoja anagusa mpira kwa muda gani? Mpe kila mchezaji kitu cha kuhesabu kilicho chake. Ukikosea, kiri hadharani, kwa sababu ulikosea hadharani. Na ujue kwamba kanuni nzuri itakugharimu siku moja, tena siku mbaya. Iandike ukijua hivyo.

Kuhusu heshima niliyoogopa kuipoteza: hawakunipanda kichwani. Jumatatu baada ya kaunti hatukuwa na mashindano mengine yoyote muhula ule. Sikutangaza mazoezi. Nilikwenda stoo saa kumi na robo ili tu kuzihesabu raketi nizirudishe. Nilikuta watu saba kwenye uwanja, wawili wakichora mistari kwa chokaa. Yule mvulana mrefu hakuwepo. Nahodha alinipa kijikaratasi kilichokunjwa mara nne: "Mwalimu nitachelewa, naenda posho mil. Nipangwe na yeyote."

Alifika saa kumi na moja kasorobo, unga bado kwenye mashati. Tukampanga na yule wa kidato cha kwanza. Walifika mipira kumi na tisa.